Nembo ya Msusi: Somo la Kuchora Alama ya Kazi Ndogo

Mtu apitaye njiani hapa Ruanda haendi hatua nyingi kabla ya kukuta kibanda cha kinyozi, kisha cha fundi cherehani, kisha cha fundi viatu, kisha cha msusi. Kazi hizi zina shida moja ambayo mwenye duka haijui. Muuza sukari huweka sukari yake mezani, na mpita njia akaiona. Msusi anauza ufundi wa vidole vyake, wala hawezi kuvitandaza mezani. Ndiyo maana kazi za namna hii zahitaji alama kuliko hata duka lenye bidhaa.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi alama hiyo inavyobuniwa, tangu mtu anapowaza mpaka rangi inapokauka. Mfano wangu ni banda la mama yangu mdogo, ambaye ni msusi, na kazi yenyewe niliifanya likizo ya Desemba iliyopita. Jina la banda lake sitalitaja, asije mtu akadhani gazeti la shule limegeuzwa ubao wa matangazo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Siku hizi tukisema nembo, twafikiri juu ya ngao ya taifa, au ile picha iliyo kwenye fulana zetu za michezo. Lakini zamani nembo ilikuwa alama iliyochanjwa katika mwili wa mtu, usoni au kifuani, ili kuonyesha ni wa watu gani. Wamakonde na Wayao walisifika kwa chale za namna hiyo. Mtu hakuwa na haja ya kuulizwa atokako, maana uso wake ulikwisha jibu. Nami naona maana hiyo ya zamani ndiyo inayotufaa zaidi katika somo hili. Nembo ya kazi si pambo la banda. Ni jibu linalotolewa kabla mtu hajauliza swali.

Kadhalika huko Uingereza, zamani ambapo watu wengi hawakujua kusoma, mwenye nyumba ya wageni alitundika picha ya simba au ya taji mlangoni, na kinyozi alisimamisha mti wenye mistari. Mti huo wa kinyozi una habari ya ajabu. Vinyozi wa siku zile hawakunyoa tu, bali waling'oa meno, wakatibu majeraha na kuumika watu damu. Mwaka 1540 vinyozi na wapasuaji wa London waliunganishwa katika chama kimoja, wakakaa pamoja hata mwaka 1745 walipotengana. Yasemwa kwamba rangi nyekundu ya ule mti ni damu, na nyeupe ni vitambaa vya kufungia kidonda. Kazi ya kuumika imekwisha, lakini mti umebaki, na hata leo katika miji yetu utaona vinyozi wenye taa ya mistari inayozunguka, ijapokuwa hapana mteja anayewaza damu.

Kuandikisha alama kisheria kulikuja baadaye. Uingereza ilitunga sheria ya alama za biashara mwaka 1875, na ya kwanza kuandikishwa, tarehe 1 Januari 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya kiwanda cha pombe cha Bass. Pembetatu tu! Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuichora, na kwa sababu hiyo hiyo mtu mzima aweza kuikumbuka.

Sisi wa mkoa wa Songwe tuna sababu yetu wenyewe ya kupenda picha kuliko maandishi. Tunduma ni mlango wa kwenda Zambia, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Madereva wa malori hutoka Dar es Salaam, Zambia, Kongo na kwingineko, nao husimama pale wakingoja karatasi zao. Kuna asomaye Kiswahili, kuna ajuaye Kibemba na Kiingereza tu, na kuna asiyesoma kitu. Kinyozi wa Tunduma aliyechora mkasi na kichanuo amekwisha sema na wote hao. Aliyeandika maneno kumi amesema na baadhi tu.

Sasa nije kwa mama mdogo. Banda lake liko nyuma kidogo ya njia, na kwa miaka minne hakuwa na kibao. Waliomjua walikuja, na wasiomjua walipita kwenda kwa wasusi walio karibu na stendi, ambao wana vibao na vioo. Mwezi wa Novemba alikuwa amedunduliza shilingi 70,000. Alikuwa na mawazo mawili: kununua kiti cha pili ili msaidizi wake naye apate kuketisha mteja, au kuchorewa kibao. Fedha zile hazikutosha vyote. Tena si fedha za mchezo, maana ndizo hutoka sare na madaftari ya wadogo zangu wawili wanaokaa kwake.

Fundi wa kuandika mabango alikuja, akasema atamchorea sura ya mwanamke kwa shilingi 60,000. Akaonyesha mfano, picha iliyokatwa katika pakiti ya nywele za dukani. Mwanamke mwenyewe hakuwa wa huku, na nywele zake zilikuwa ndefu, zilizonyooka, zikipeperushwa na upepo. Baadhi ya wateja waliipenda sana, wakasema ndiyo ya kisasa. Mama mdogo aliitazama kitambo, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, wewe unayesoma kuchora, huyu nimemsuka mimi?”

“Hapana, mama.”

“Basi akija mtu akaniambia nifanye kama huyu, nitamjibu nini?”

Katika swali lile naona limo somo zima la nembo, na vitabu huliandika kwa kurasa nyingi kuliko yeye. Alama iahidi kile kitakachopatikana ndani. Mama mdogo hanyooshi nywele, wala hana mashine ya kukaushia. Yeye husuka kwa mkono, na sifa yake kubwa ni ile mitindo ya mistari, hasa twende kilioni, ambayo wasomaji wa kike wanaijua vizuri na wa kiume wameiona vichwani mwa dada zao. Mistari yake hunyooka kama imepigwa rula. Basi, ikiwa hiyo ndiyo sifa yake, hiyo ndiyo yapasa kuonekana njiani.

Watu walileta mashauri mengi. Jirani mmoja alisema tuchore Kimondo, kile kipande cha chuma kilichotoka angani, kilichopo kilima cha Marengi, kwa kuwa ndicho kinachojulisha wilaya ya Mbozi duniani. Mama mdogo akauliza kama Kimondo kinasuka. Kijana mwingine alitaka nembo ya timu ya mpira. Huyo nilimjibu mwenyewe: atakayechora ya Simba atakuwa amewafukuza wa Yanga, na atakayechora ya Yanga atakuwa amewafukuza wa Simba. Tena nembo zile zina wenyewe.

Mchoro wa kwanza ulikuwa duara lenye mistari tisa ya wima, maana mama mdogo alitaka mistari mingi ionyeshe ufundi. Niliuchora kwa makaa juu ya boksi lililokunjuliwa, nikaliegemeza ukutani, nikawaita majirani mmoja mmoja wasimame mbali, hatua 40, waseme wanaona nini. Sikuwaambia ni kitu gani. Sharti hili ni la lazima, kwa sababu ukimwambia mtu kwanza, macho yake yatakutii. Mzee mmoja alisema, “Matuta ya mahindi.” Mama mmoja akasema ni kitalu cha kahawa, akataka kujua kama tutauza miche. Katika wilaya ya wakulima jibu hilo si la ajabu: jicho huona kile linachokiona kila siku.

Tukajaribu chanuo. Chanuo peke yake, kwa hatua 40, mmoja aliita uma, wengine wawili wakaita reki. Bado tulikuwa shambani.

Jambo lililotutoa shambani lilikuwa dogo. Tulirudia duara lenye mistari, tukaongeza masikio mawili, moja kila upande. Palepale duara likawa kichwa kinachoonekana kwa nyuma, na mistari ikawa nywele. Mtoto wa miaka mitano alipoitwa alisema, “Mtu amesukwa.” Hakuna aliyetaja mahindi tena. Wasomaji wanaopenda kuchora na waliangalie jambo hili: hatukuongeza macho, wala pua, wala mdomo. Picha ya uso ingelazimu kumchora mtu fulani, mrembo au asiye mrembo, mnene au mwembamba, na kila mteja angejilinganisha naye. Kisogo hakina ubishi. Kila mwanamke aweza kudhani ni chake.

Kisha ikaja hesabu. Ubao tulioupata ulikuwa na upana wa sentimita 120 na urefu wa 60. Mafundi wa mabango wana kanuni yao, kwamba herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri mtu akiwa mita 3, na kadiri anavyokuwa mbali ndivyo herufi ikuzwe kwa kipimo hicho hicho. Sasa fikiri juu ya bodaboda iendayo kilomita 50 kwa saa. Hiyo huenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Ukitaka abiria wake apate sekunde tatu za kutazama, lazima aanze kuona akiwa mita 42. Gawa 42 kwa 3, zidisha kwa 2.5, utapata herufi ya sentimita 35. Neno MSUSI peke yake kwa herufi za namna hiyo lingefika pembeni mwa ubao, pasibaki nafasi ya kitu kingine.

Kwa hiyo tuligawa kazi. Picha iseme na walio mbali, na maandishi yaseme na walio karibu. Picha tuliipa sentimita 50 pamoja na masikio. Maandishi tuliyapa herufi za sentimita 10, yasomwe na mtu aendaye kwa miguu akiwa mita 12, yaani akiwa bado ana nafasi ya kukata shauri kama atakunja kona au atapita. Herufi zilikuwa nene na zilizosimama wima. Mapambo ya mikia na maua hayakuruhusiwa, ijapokuwa fundi alilalamika kwamba bila maua watu watasema hajui kazi.

Mistari tisa ilipunguzwa ikawa mitano. Hapa mama mdogo alikataa mpaka nilipomweleza habari ya muhuri. Alikuwa amepanga kuwapa wateja kadi ndogo, kila akija apigiwe muhuri, na akifika mara kumi asukwe kwa nusu bei. Muhuri tungeuchonga kwa wembe katika soli ya kandambili kuukuu, na kichwa chake kingekuwa na upana wa milimita 24. Kwenye ubao kichwa kina sentimita 40 bila masikio: mistari mitano ya sentimita 6 na njia nne za sentimita 2.5 katikati yake. Ukikipunguza hadi milimita 24, kila njia inabaki na milimita moja na nusu, na wembe waweza kupita. Kwa mistari tisa, njia ingekuwa chini ya milimita moja, na wino ungeijaza yote, ukatoa doa jeusi lenye masikio. Nilimwonyesha kwa kuchonga yote miwili. Alipoona doa lile alicheka, akasema linafanana na panya.

Basi mwenye kubuni nembo asiichore kwa ukubwa mmoja tu. Aikuze iwe kama mlango, aipunguze iwe kama kifungo cha shati, aigeuze iwe rangi moja. Ikishindwa katika mojawapo, kasoro imo katika mchoro wenyewe, wala asiulaumu ubao.

Juu ya rangi nitasema machache. Tulichagua nyeusi juu ya njano, kwa kuwa rangi hizo mbili hutengana vizuri machoni hata kwa mbali, nayo ndiyo sababu huonekana katika vibao vya hatari. Nyeupe ilikataliwa kwa ajili ya vumbi letu. Kiangazi kikifika Agosti, kila kitu cheupe kilicho kando ya njia hugeuka udongo. Kijani pamoja na njano tuliviacha, maana vina wenyewe, wa mpira na wasio wa mpira. Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, ambayo haitoki kwa mvua. Hiyo si rangi ya kudharau: Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alipoanza uchoraji wake huko Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za namna hiyo, za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini. Alifariki mwaka 1972, nayo michoro ya namna yake hujulikana duniani kote kwa jina lake. Wanyama wake wana umbo kubwa na rangi zisizochanganywa sana, na fundi yeyote wa mabango angefaidika akiwatazama kwa makini.

Sasa sheria. Nilikwenda kuuliza na kusoma, kwa sababu fundi alikuwa amependekeza msalaba mwekundu pembeni, ati uonyeshe usafi. Msalaba mwekundu si wa kila mtu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 iliuweka uwe alama ya ulinzi wa wagonjwa na waganga wao wakati wa vita, na watu binafsi wamekatazwa kuutumia katika biashara zao. Alama za taifa nazo zina sheria yake, wala mtu haruhusiwi kuzitia katika kibao cha biashara apendavyo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, ya mwaka 1986, na mwandikishaji ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Zanzibar ina ofisi yake, kwa hiyo kuandikisha huku si kuandikisha kule. Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuandikisha jina la biashara ni jambo moja, na kuandikisha alama ni jambo jingine; aliye na cheti cha jina bado hajailinda picha yake. Alama ikikubaliwa hulindwa kwa miaka 7, kisha yaweza kuhuishwa kila baada ya miaka 10. Tena sharti iwe ya kumtofautisha mwenyewe na wengine. Huwezi kuandikisha neno “msusi” likawa lako peke yako, kwa kuwa kila msusi ana haki ya kujiita msusi. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika mafungu 45 yanayofuatwa na nchi nyingi, na kusuka na kunyoa vimo fungu la 44. Fungu hilo hilo ndilo la matibabu ya watu na ya wanyama, na la huduma za kilimo. Vinyozi wa London wa mwaka 1540 wasingeshangaa kuwekwa pamoja na waganga, na yule mzee wa matuta ya mahindi hakuwa mbali sana.

Wenzangu bwenini wameniuliza kama mwanafunzi aweza kweli kupata kitu kwa kazi hii. Alama ya viatu vya Nike, ule mkwaju uliopinda, ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Portland, Marekani. Alilipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa zake kuwa asante. Mimi nililipwa viazi vya kukaanga na soda, nami sidai hisa, maana banda lina kiti kimoja.

Yaani lilikuwa na kiti kimoja. Fundi alikubali kuchora kisogo na maandishi kwa shilingi 25,000, kwa kuwa umbo lilikuwa rahisi na mstari nilikwisha upiga mwenyewe kwa penseli. Ubao na misumari vilichukua 12,000. Zilizosalia, shilingi 33,000, ziliongezwa kidogo mwezi wa Februari, na kiti cha pili kikanunuliwa. Wateja wameongezeka kiasi gani siwezi kusema kwa hesabu, maana mama mdogo haandiki daftari, jambo ambalo tumegombana juu yake. Anachosema ni kwamba sasa huja watu asiowajua majina, wengine wameshuka kwenye bodaboda, wakionyesha kibao kwa kidole na kusema, “Nataka kama hiki.” Naye huweza kuwajibu.

Alipokuja kuniona siku ya wazazi aliniletea habari nyingine. Kinyozi wa upande wa pili wa njia amemwendea fundi yule yule, ameagiza kisogo chenye masikio mawili juu ya njano, ila bila mistari, kwa kuwa yeye hunyoa. Mama mdogo aliniuliza kama huo ni wizi. Nilimweleza ya BRELA, na kwamba alama yake haijaandikishwa. Akanyamaza, kisha akauliza ada ya kuandikisha yalingana na viti vingapi.